Nimeandika sura ya kwanza ya hadithi ya mnyonya damu wa Pangani, nichaneni bila huruma

Mwana wa Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Miaka yote nimekuwa msomaji wa kimyakimya humu, leo nimejitosa. Nimeanza hadithi ndefu, jina la muda DAMU YA MWEZI, kuhusu vampaya aliyejichimbia kwenye jumba la shamba la mkonge kule Pangani. Sura ya kwanza ni kurasa saba, nimeiambatisha hapo chini. Mwanzo wake ndio huu:

"Ilikuwa saa 12 usiku. Kiza kinene kilitanda kila mahali. Ghafla mwezi mpevu ulichomoza nyuma ya jumba la Count Viktor, na popo wanyonya damu walianza kuzunguka juu ya mwembe. Salma, msichana mrembo wa miaka 19 mwenye macho ya gololi na kiuno cha nyigu, aliamka. Alisimama mbele ya kioo. Alijitazama. Aliona nywele zake ndefu na midomo yake iliyojaa. Ghafla damu ilimganda mwilini. Alihisi kuna mtu. Alishika msalaba uliokuwa shingoni mwake..."

Nataka maoni ya kweli. Mke wangu kasema ni nzuri sana, lakini huyo ana maslahi.

Msomaji wa Daladala

Nimeweka kambi. Usije ukatuacha na arosto halafu tunaambiwa mwendelezo uko inbox kwa buku mbili.

Mtu wa Likoni

Swali dogo kutoka huku Mombasa. Bibi yake Salma ukurasa wa tatu ametoka kuswali Isha. Mjukuu msalaba ameutoa wapi? Hapo alitakiwa awe anasoma Ayatul Kursi mpaka ulimi ukauke.

Mwana wa Chumbageni

Hahaha, nimenaswa. Niliona kwenye filamu wote wanashika msalaba.

Kalamu Butu

Mkuu, nimesoma kurasa zote saba mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Umeomba kuchanwa, basi vuta kiti.

Nianze na saa. Hiyo "saa 12 usiku" nayo imetoka kwenye filamu. Kwetu saa 12 ni Magharibi, muuza mihogo ndiyo kwanza anakoleza mkaa. Ulimaanisha saa 6. Na ukishaiweka saa 6, mwezi unakuumbua. Mwezi mpevu huchomoza jua likizama, kwa hiyo saa 6 usiku uko utosini tayari. Unaochomoza saa hizo ni nusu, ule wa tarehe 21 au 22 za mwezi mwandamo. Pangani ni mji wa wavuvi. Hili wanalijua bila kufungua kitabu, na ukiwakosea kwenye mwezi hawatakuamini kwenye vampaya.

"Ghafla" nimezihesabu, ziko kumi na moja. Mwezi hauchomozi ghafla, mkuu. Mbuzi wa ukurasa wa nne hakufa ghafla, umetuambia alikuwa anaumwa tangu juzi.

Halafu vitenzi. Aliamka. Alisimama. Alijitazama. Aliona. Alihisi. Unagongelea misumari. Lugha imekupa -ka- bure kabisa: aliamka, akasimama, akajitazama. Hadithi inatembea yenyewe. Bibi zetu walisimulia hivyo gizani na tukaogopa kwenda chooni.

Kioo ndicho kimenikera zaidi. Nusu ya hadithi za humu binti anaamka, anasimama mbele ya kioo ili mwandishi apate nafasi ya kutuhesabia viungo vyake. Sawa, tumezoea. Lakini wewe unaandika kuhusu kiumbe asiyeonekana kwenye kioo! Una risasi moja na umeipiga hewani kupima kiuno cha nyigu. Ihifadhi. Itoe siku Salma anafunga ushungi, mgeni anamsemesha kutoka nyuma ya bega lake, na kioo kinamwonyesha ukuta mtupu.

Na "damu ilimganda mwilini" itoe. Katika hadithi hii damu ni chakula cha mtu. Kila ukiitaja, msomaji anasikia sahani.

Sasa lililonifanya nikae nikuandikie saa hizi. Ukurasa wa tano, katikati ya maelezo marefu ya koti la Viktor, umeweka mistari miwili hii:

"Sauti ilisikika mlangoni: 'Hodi.' Bibi alikuwa anachambua mchele. 'Karibu,' alijibu bila kugeuka."

Basi. Ukapita, ukarudi kwenye koti. Mkuu, hapo ndipo hadithi yako ilipo na wewe hujaiona. Sharti linalojulikana la hawa viumbe ni kwamba hawaingii nyumbani mwa mtu mpaka wakaribishwe. Wazungu ikibidi waandike hilo wanahangaika, wanatafuta sababu ya mwenye nyumba kumfungulia mtu asiyemjua. Sisi sharti hilo tunalala nalo. Mtu akisema hodi, "karibu" inatoka kabla kichwa hakijauliza ni nani. Inatoka mtu akiwa msalani, akiwa na tonge mdomoni. Mtoto akichelewa kuisema anakemewa. Vampaya akitua kwenye mwambao huu, hana mlango utakaomshinda.

Na kuna nusu ya pili. Adabu inasema hodi ni tatu. Usipojibiwa ya tatu, ondoka. Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, baada ya Isha alikuwa hajibu hodi ya kwanza. Hakutuambia kwa nini. Alikuwa anasimamisha mkono tu, nasi tunanyamaza na vijiko hewani. Mpaka leo mimi nikipigiwa hodi usiku nahesabu.

Futa kurasa nne za mwanzo. Anzia mlangoni.

Msomaji wa Daladala

Kalamu Butu umenitisha kuliko mleta uzi.

Mwana wa Chumbageni

Mkuu, nashukuru, ila nne nzima? Humo ndimo nilimoeleza Viktor alizaliwa Romania mwaka gani, aligeuzwa na nani, kwa nini jua linamuunguza. Bila hayo msomaji ataelewaje kwamba ni vampaya? Na lazima atoke Romania, maana vampaya wa kweli asili yao ni huko.

Kalamu Butu

"Vampaya wa kweli" imenichekesha. Haya, kidogo tu.

Makaratasi ya zamani yaliyolipeleka neno hili Ulaya nzima yanahusu Serbia, siyo Romania. Kati ya 1725 na 1732 maofisa na madaktari wa jeshi la Austria walipelekwa vijijini huko kufukua makaburi, kwa sababu wanakijiji walidai wafu wanawarudia. Wakakuta maiti zimevimba, damu mdomoni, kucha kama zimeota upya. Siku hizi daktari yeyote atakwambia ndivyo maiti inavyooza: gesi inavimbisha tumbo na kusukuma majimaji juu, ngozi inasinyaa kucha zionekane ndefu. Wale waliandika ripoti, magazeti yakachapa, na kazi ikaishia hapo.

Romania ilikuja baadaye, na iliyotia muhuri ni riwaya ya Bram Stoker ya 1897, Dracula. Stoker ni Mwairishi na hakuwahi kukanyaga Transylvania, lile jimbo la Romania, alisoma vitabu maktaba. Na hilo jua lako halimo. Kwenye riwaya ile bwana mkubwa anatembea mchana, anapungukiwa nguvu tu. Kuuawa na mwanga wa jua kuliletwa na filamu ya Kijerumani ya 1922, Nosferatu.

Kwa hiyo masharti haya kila fundi alipunguza akaongeza. Nawe una ruhusa. Ila chagua machache na usiyavunje. Mfano, sasa hivi Viktor wako anakimbia kitunguu saumu ukurasa wa pili, ukurasa wa saba anahudhuria harusi na kula pilau. Pilau ya Pangani bila saumu umeila wapi?

Mtu wa Likoni

Angekufa kwenye geti.

Mpemba wa Kidike

Mimi si mtu wa riwaya, nimeletwa na popo. Asalaam aleikum.

Ndugu yangu mwandishi, popo wanyonya damu hawako Pangani, wala Afrika nzima hawako. Wanaishi Amerika tu, kuanzia Mexico kushuka kusini. Na hawanyonyi, wanakwangua ngozi kwa meno kisha wanalamba. Hao waliopo juu ya mwembe wako wanafuata embe. Kwetu Pemba tuna popo ambaye hapatikani pengine duniani, mabawa akiyakunjua yanafika kama mita moja na nusu, na chakula chake ni matunda na maua. Ukija Kidike utawaona wananing'inia mitini mchana, wanajipepea kwa mabawa kama wazee wenye vipepeo. Walikaribia kwisha kwa kuliwa na watu. Wao wametuogopa sisi zaidi ya sisi kuwaogopa wao.

Na tafadhali usimchanganye mtu wako na popobawa, yule shetani wa kwetu. Popobawa alipotusumbua 1995 hakuna aliyesema habari za damu, na mambo yake hayaandikiki humu. Watu wazima tulilala nje barazani kwa makundi, moto umewashwa. Hiyo haikuwa hadithi.

Nesi wa Zamu

Naingia kidogo, wodi imetulia. Ukurasa wa sita Viktor "alimnyonya mlinzi damu ndoo nzima." Ndoo ni lita 20. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Hiyo ndoo inataka walinzi wanne. Mchangia damu anatolewa mililita 450 tu, na hata hivyo mwanaume tunamwambia arudi baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Sasa fikiria: vampaya mwenye akili angeishi kwa utaratibu huo. Nusu lita hapa, nusu lita pale, mtu anaamka na kizunguzungu tu, anasema ni malaria. Huyo angenitisha zaidi ya huyu wa ndoo.

Jingine. Anaiweka damu kwenye bilauri kabatini mpaka kesho yake. Damu iliyo nje ya mwili inaanza kuganda ndani ya dakika chache. Asubuhi utakuta kitu kama maini. Mifuko yetu ina dawa ndani ya kuzuia hilo. Viktor anatumia nini?

Mpemba wa Kidike

Nesi, wale popo wa Amerika mate yao yanazuia damu isigande. Wataalamu wameipa protini yake jina la draculin.

Nesi wa Zamu

Basi amalize kwa mate. Nimechukia kuwaza hilo na bado sijala.

Babu wa Mkonge

Vijana, nimesoma uzi wote. Nimezaliwa kambi ya mkonge, baba yangu alikuwa manamba, kibarua wa mkataba. Niseme mawili.

Kwanza, mleta uzi ana shamba la mkonge lakini hana mkonge. Kurasa saba, hakuna aliyechomwa na mwiba wa ncha ya jani. Hakuna harufu. Korona, ile mashine ya mkonge, ikikamua majani, yale maji yanayotoka yananuka ukiwa mbali, na yakikugusa unawashwa mpaka usiku. Kamba zinaanikwa kwenye nyaya safu kwa safu, nyeupe. Usiku wa mwezi ukizitazama kwa mbali utadhani watu wamesimama. Sisi watoto tulikuwa hatupiti hapo. Hicho ndicho cha kutisha, siyo koti.

Pili, mnahangaika na Serbia. Mumiani mmemweka wapi? Sisi hatukutishwa na vampaya. Tulitishwa kwamba ukitembea ovyo jioni utachukuliwa na mumiani, utatolewa damu ikatengenezwe dawa. Neno lenyewe zamani lilikuwa jina la dawa, kitu cheusi kama lami kilichokuja na majahazi, kilichotibu waliovunjika. Watu wakauliza kimetengenezwa na nini, wakajijibu. Enzi za mkoloni Nairobi na Kampala walisema ni wazimamoto na magari yao mekundu. Kuna mwanahistoria Mmarekani, Luise White, alitoa kitabu kizima juu ya uvumi huo mwaka 2000. Na baada ya Azimio la Arusha la 1967 tuliambiwa majukwaani habari za wanyonyaji, kupe na mirija. Wazee wa kambini walikuwa wanaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Nadhani wao mrija hawakuuona kuwa mfano.

Kalamu Butu

Mzee, heshima yako. Mleta uzi, hii post iprinti.

Ila tahadhari moja: usimgeuze Viktor kuwa hotuba ya ukoloni. Msomaji akishagundua kwamba kila tone la damu ni fumbo la uchumi, hofu inakwisha, anabaki anasahihisha mtihani. Mwache awe na njaa tu. Yanayobaki tutayaona wenyewe.

Na nimekumbuka kitu. Mkonge si wa kwetu. Ulitoka Mexico, rasi ya Yucatán. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, mingi ikafia njiani, ikafika hai 62, ikapandwa huko huko Pangani. Mpemba kasema wale popo wanaanzia wapi? Mexico. Hiyo Romania unaing'ang'ania ya nini? Kuna sanduku la miche limevuka bahari, na kuna kitu kimo ndani kati ya majani.

Mpemba wa Kidike

Hiyo nitaisoma.

Mtumishi wa Kweli

Hadithi hizi zinafungulia watu milango ya mapepo. Andikeni mambo ya kujenga jamii.

Msomaji wa Daladala

Mtumishi, post ya sita hii kwenye nyuzi za kutisha wiki hii. Wewe ndiye mteja wetu mkubwa.

Mtu wa Likoni

Hadithi ni ya mwaka gani, lakini? Ukurasa wa pili Salma ana simu ya kupangusa, wa nne mlinzi anaonyesha kipande cha kazi cha manamba.

Mwana wa Chumbageni

Wakuu, nimekaa kimya siku nne, nilikuwa naandika upya. Kwanza niwe mkweli, siku ya kwanza nilinuna. Nilimwambia mke wangu watu wa mtandaoni wana wivu. Akaniuliza, "Kwani wewe ukiwa peke yako nyumbani usiku, mtu akipiga hodi huwa unafanyaje?" Nikanyamaza.

Nimeihamishia mwaka 1958. Simu imekufa, msalaba umekufa, Viktor amepoteza cheo na koti, na hata jina nimemnyang'anya kwa sasa. Kurasa nne nimezifuta. Iliuma, kuna sentensi moja kuhusu ukungu wa Transylvania niliipenda sana. Mwanzo mpya huu hapa:

"Hodi ya kwanza bibi hakuijibu. Alikuwa na ungo magotini, anachambua mchele kwa mwanga wa kibatari, na kidole chake kikaendelea kusukuma chuya upande mmoja, mchele upande wa pili. Salma akamtazama. Bibi akasimamisha mkono.

Hodi ya pili ikaja taratibu, sauti ya mtu aliyelelewa. Mbwa wa Mzee Shomari, anayebwekea hata kuti likianguka, alikuwa kimya.

'Si mjomba huyo?' Salma akanong'ona.

'Mjomba wako hukohoa kwanza.'

Nje upepo ulikuwa unatoka upande wa korona, umebeba ile harufu. Bibi akafumba macho. Mpiga hodi asipojibiwa ya tatu huondoka. Ndivyo watu walivyofunzwa, na bibi alikuwa anategemea kwamba hata huyu alifunzwa.

Hodi ya tatu ikaja.

Kwenye mkeka, Hamadi, mtoto wa miaka mitano, akageuka usingizini, akavuta shuka, akasema kama alivyozoeshwa:

'Karibu.'

Bibi akaweka ungo chini."

Nesi wa Zamu

Hapana. Hapana. Mtoto?

Babu wa Mkonge

Hapo kwenye harufu ya korona umenirudisha. Ila usiku korona haifanyi kazi, harufu ni ya makapi yaliyorundikwa. Rekebisha, andika "upande wa makapi".

Mwana wa Chumbageni

Nimerekebisha, mzee.

Kalamu Butu

Nina moja tu. "Sauti ya mtu aliyelelewa" na "ndivyo watu walivyofunzwa" zinasema jambo moja mara mbili, chagua. Mimi ningebakiza ya pili. Na jina la hadithi badilisha, mwezi haumo tena.

Mtu wa Likoni

Iite Hodi ya Tatu.

Mwana wa Chumbageni

Nimeichukua hiyo, shukrani. Sura ya pili Ijumaa, hapahapa, bure.

Msomaji wa Daladala

Ijumaa ipi?